Tiba ya mwanga kwa chunusi sugu: ngozi nyeusi yahitaji tahadhari

CHUNUSI kali si zile ambazo kijana huzipata anapobalehe na kumwacha zenyewe. Hizi ni mabonge yenye usaha yanayojijenga ndani ya ngozi ya uso, kifua na mgongo, ambayo yakipona huacha mashimo au makovu yaliyoinuka. Kovu likishajijenga halifutiki lote, ndiyo maana kuchelewa kutibiwa ni hasara.

Mwanga si mgeni katika tiba ya ngozi. Daktari Niels Finsen wa Denmark alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1903 kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa miale.

Kwa upande wa chunusi, bakteria wanaoishi kwenye vitundu vya ngozi hutengeneza kemikali iitwayo pofirini. Ikipigwa na mwanga wa buluu wa nanomita zipatazo 415, kemikali hiyo huzalisha oksijeni kali inayowaua bakteria wenyewe. Hata hivyo, mwanga wa buluu haupenyi mbali, hivyo hausaidii sana mabonge ya ndani. Mwekundu hufika chini zaidi.

Kwa mabonge hayo, mgonjwa hupakwa kwanza dawa inayoamshwa na mwanga, akasubiri, kisha akamulikwa taa nyekundu ili kudhoofisha tezi za mafuta. Tiba hii inauma, na baada yake ni lazima kulikwepa jua kwa siku kadhaa. Mwongozo wa taasisi ya NICE ya Uingereza wa mwaka 2021 unaelekeza ifikiriwe kwa watu wazima iwapo tiba nyingine zimeshindikana. Mwaka 2022 Marekani iliruhusu leza ya nanomita 1726, inayolenga mafuta ya tezi badala ya rangi ya ngozi.

Je, mwanga unashinda vidonge? Hapana. Uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2016 ulibaini kuwa ushahidi mwingi kuhusu tiba za mwanga ni dhaifu. Kwa chunusi kali, isotretinoini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1982, bado ndiyo tegemeo, ingawa ni marufuku kwa mjamzito kwa kuwa hulemaza mtoto tumboni.

Makovu yana leza zake. Kuna zinazotoboa vitundu vidogo mno ili ngozi ijijenge upya, na kwa kawaida mgonjwa hurudi mara kadhaa. Kazi hiyo hufanywa chunusi zikiwa zimetulizwa, maana kusawazisha makovu huku mapya yakizaliwa ni kutwanga maji kwenye kinu.

Hapa ndipo Mwafrika anapopaswa kuwa macho. Melanini, yaani rangi ya ngozi, hunyonya nishati ya mwanga. Mashine isiyofaa, au iliyowekwa nguvu kupita kiasi, huunguza na kuacha madoa meusi ya miezi mingi. Taa za mapigo makali ni miongoni mwa zenye hatari hiyo. Leza ya nanomita 1064 ni salama zaidi. Mwenye historia ya makovu yanayokua kupita jeraha amweleze daktari mapema.

Anayetumia mkorogo naye aseme ukweli, kwani steroidi zilizomo huzalisha chunusi zenyewe. Kabla ya kulipia, uliza mashine ni ya aina gani, nani ataiendesha, na kama itajaribiwa kwanza kwenye sehemu ndogo iliyojificha, mathalani chini ya taya.