Wapangaji wa Dunia Pepe

Januari 2009 ulifunguliwa mji usio na hata tofali moja. Ulikaa juu ya kisiwa, bahari pande zote. Jengo la televisheni ya taifa ya China, lile la Beijing lenye miguu miwili iliyopinda, lilining'inia kwenye winchi kama kontena bandarini. Panda mkubwa alielea angani. Uwanja wa Olimpiki uitwao Kiota cha Ndege ulikuwa umeshaanza kushika kutu, nusu yake majini, miezi michache tu baada ya Olimpiki yenyewe.

Mji huo uliitwa RMB City, kwa kifupi cha sarafu ya China, na aliyeubuni ni Cao Fei, msanii aliyezaliwa Guangzhou mwaka 1978. Meya wake wa kwanza alikuwa Uli Sigg, Mswisi aliyewahi kuwa balozi Beijing na mkusanyaji mashuhuri wa sanaa ya China. Yeye, kama wakazi wote, alionekana mjini kwa umbo la avata, kiwiliwili cha kuchorwa ambacho mtu hukiendesha akiwa kwake, mbele ya kompyuta. Majengo yalikabidhiwa taasisi za sanaa na wakusanyaji kwa muda maalumu, wayatumie kwa maonyesho na shughuli zao. Mwaka 2011 mji ukafungwa. Anayetaka kuutembelea leo hana mlango wa kubisha hodi. Zimebaki filamu ambazo Cao Fei alizipiga humo wakati mji ukiwa hai.

Nimekuwa nikiifuatilia historia ya sanaa hii inayoundwa ndani ya dunia za kompyuta kwa muda mrefu, na kila ninapoichimba nakutana na jambo ambalo yeyote aliyewahi kupanga chumba analijua vizuri. Unaweza kupaka rangi, kupanda maua mlangoni, hata kuzalia watoto humo, lakini hati ya nyumba iko kabatini kwa mtu mwingine.

Walioanza hawakujiita wasanii. Walikuwa vijana wacheza gemu. Juni 1996 kampuni ya id Software ya Texas ilitoa Quake, mchezo wa kuwindana kwa risasi gizani. Ndani yake mlikuwa na uwezo wa kurekodi pambano, na rekodi hiyo haikuwa video. Ilikuwa orodha ya matendo tu: nani alisogea wapi, nani alifyatua, nani alianguka. Mwenye Quake aliifungua faili hiyo kwake, na gemu ikalichora pambano lote upya. Oktoba mwaka huohuo kundi la wachezaji waliojiita Rangers likautumia uwezo huo kusimulia hadithi fupi, Diary of a Camper, kuhusu mchezaji anayejificha mahali pamoja akivizia wenzake. Haifiki dakika mbili, haina sauti za watu, na maneno yake husomwa kwenye skrini. Ila walifanya jambo moja kubwa: waliliondoa jicho la mtazamaji kutoka kichwani mwa mchezaji, wakaliweka pembeni, mahali ambapo mpiga picha wa sinema angesimama.

Aina hiyo ya filamu ikapata jina la mashinima, mchanganyiko wa mashine na sinema uliokosewa herufi ukabaki na kosa lake. Hugh Hancock wa Uskoti aliifungulia tovuti Januari 2000. Miaka mitatu baadaye vijana wengine wa Texas wakaanza Red vs. Blue kwa kutumia gemu ya Halo. Askari wake wamefunikwa kofia za chuma na midomo yao haionekani, kwa hiyo anayezungumza hutikisa kichwa ili tumtambue. Watu walicheka sana, na wengi waliokuwa hawajawahi kusikia jina la mashinima wakaizoea.

Kwangu mimi, kazi iliyothibitisha kuwa huku kuna sanaa ni ya mwaka 2005. Tarehe 27 Oktoba, Zyed Benna wa miaka 17 na Bouna Traoré wa miaka 15 walikufa kwa umeme huko Clichy-sous-Bois, nje ya Paris, walipojificha kwenye kituo cha umeme wakiwakimbia polisi. Vitongoji vya Ufaransa vikawaka moto kwa wiki kadhaa. Alex Chan, kijana aliyekuwa hajawahi kutengeneza filamu, alichukua gemu iitwayo The Movies na mwezi Novemba akatoa The French Democracy, filamu ya dakika 13 inayouliza ghadhabu ile ilitoka wapi. Gemu yenyewe haikuwa na Paris, kwa hiyo aliazima mitaa yenye sura ya Kimarekani. Miondoko ya wahusika ni ya kukakamaa na maandishi ya Kiingereza yana makosa. Lakini ilitoka wakati vitongoji bado vinafuka moshi, kutoka kwa mtu wa hukohuko. Hakuwa na kamera, mwigizaji wala senti ya mfadhili.

Kufikia hapo wasanii walikuwa bado wanaazima gemu za wenyewe. Second Life, dunia ileile ambamo RMB City ungejengwa baadaye, ilibadili mambo. Ilifunguliwa Juni 2003 na kampuni ya Linden Lab ya San Francisco, na haikuwa na adui wa kupiga wala kombe la kushindania. Mtu aliingia akakuta ardhi, bahari, anga, na maumbo sahili yaitwayo primu: mchemraba, tufe, mcheduara. Kwa hayo alijenga chochote. Novemba 2003 kampuni ikatangaza kwamba hakimiliki ya kilichojengwa itakuwa ya aliyejenga. Tangazo hilo liliwavuta wasanii kwa wingi, maana waliokuwa wakibuni kazi ambazo mtazamaji huingia ndani yake na kuzunguka sasa walipata mahali ambapo uzito wa chuma na bei ya mbao havikuwa kikwazo.

Ardhi, hata hivyo, iliendelea kuwa ya kukodi. Eneo moja lilikuwa mraba wa mita 256 kila upande, na liliweza kubeba primu 15,000, basi. Mwaka 2007 aliyetaka kisiwa kizima alitozwa dola 295 za Marekani kila mwezi. Asipolipa, kisiwa kilizimwa.

Mwaka huohuo Cao Fei alipeleka i.Mirror kwenye banda la China katika maonyesho ya Venice Biennale. Kwa dakika 28 tunamfuata avata wake, China Tracy, akitangatanga kwenye mitaa mitupu na kupendana na kijana mtanashati, ambaye baadaye anamjua kuwa ni mzee aliyeipita miaka 60. Filamu haimcheki mzee huyo. Inakaa naye, inamsikiliza, na upweke wa watu wawili walioketi mbele ya skrini katika nchi mbili tofauti unamfikia mtazamaji taratibu.

Kisha akaja mtu aliyetaka kuiingia dunia ile kwa miguu yake. Tarehe 12 Machi 2008, jijini New York, Mmarekani Joseph DeLappe alipanda mashine ya mazoezi ya kutembea iliyounganishwa na kompyuta. Kila hatua yake ilimsogeza Gandhi wa kuchorwa ndani ya Second Life. Alitembea maili 240, karibu kilomita 386, hadi tarehe 6 Aprili, akifuata tarehe za matembezi ya Gandhi ya mwaka 1930 kwenda Dandi kupinga sheria ya chumvi ya Waingereza. Jasho lilikuwa la kweli hata kama njia haikuwa ya kweli. Alipomaliza, alimtoa Gandhi yule kwenye kompyuta na kumjenga kwa maboksi ya karatasi na gundi, urefu wa zaidi ya mita tano.

Mwaka huohuo Chris Marker, Mfaransa aliyetengeneza La Jetée mwaka 1962, alifungua makumbusho yake, Ouvroir, kwenye kisiwa ndani ya Second Life. Huyu alikuwa mtu aliyewakwepa wapiga picha na waandishi maisha yake yote. Sasa, akiwa amevuka miaka 85, alikubali mahojiano na jarida la Kifaransa, yafanyike ndani ya Second Life. Uso wa kubuni ulimpa ruhusa ya kuzungumza.

Skawennati, msanii wa taifa la Mohawk kutoka Kahnawà:ke, karibu na Montreal, naye alikuwa na hoja yake. Watu wa asili wa Marekani Kaskazini walionekana kwenye sinema kana kwamba wote ni wa zamani. Kati ya 2008 na 2013 alitengeneza TimeTraveller, filamu ya sehemu tisa iliyopigwa Second Life. Shujaa wake, Hunter, ni kijana wa Mohawk wa karne ya 22 anayerudi nyuma kwa miwani maalumu: anaushuhudia mgogoro wa Oka wa 1990, watu wake waliposimama kuzuia uwanja wa gofu usipanuliwe hadi kwenye msitu wao wa misonobari, na kukaliwa kwa kisiwa cha Alcatraz kulikoanza 1969. Skawennati na mwenzake Jason Edward Lewis waliita eneo lao AbTeC Island, na neno la msingi katika jina la mradi wao ni 'ardhi za wenyeji'. Watu walionyang'anywa nchi wakawa wanailipia kodi ardhi ya mwanga.

Swali hilohilo, la nani mwenyeji na nani mgeni, lilijitokeza Nairobi mwaka 2017. Kundi la The Nest Collective lilitengeneza Let This Be a Warning, filamu ya uhalisia pepe. Waafrika wamehama dunia na kuanzisha makazi kwenye sayari ya mbali. Wewe uliyevaa miwani ndiye uliyefika bila kualikwa, na wanavyokutazama unalijua hilo kabla hawajasema neno.

Nilisema filamu ndizo zilizobaki. Nazo hazina uhakika. Mwanzoni mwa 2019 maelfu ya video za chaneli kubwa ya mashinima, iliyotokana na tovuti ile ya Hancock, ziliondolewa machoni pa watazamaji bila waliozitengeneza kuarifiwa, na kampuni ikafungwa muda mfupi baadaye. Mwaka huohuo mpango wa Linden Lab uliokuwa ukiwapa wasanii ardhi ya bure tangu 2010 ulifikia kikomo. Henry Lowood wa Chuo Kikuu cha Stanford alikuwa ameshaanza zamani kukusanya mashinima kwenye Internet Archive, na watafiti walijaribu pia kuhifadhi visiwa vya Second Life. Walikwama kwenye ile hakimiliki iliyowavuta wasanii mwanzoni: kila kitu kisiwani kilikuwa na mwenyewe, ilibidi aombwe ruhusa, na wengi hawakujibu.

Diary of a Camper imenusurika kwa njia nyingine. Desemba 1999 id Software iliachia msimbo wa Quake, mtu yeyote autumie na kuutengeneza. Kompyuta zimebadilika mara nyingi tangu hapo, na kila mara kuna watu walioirekebisha programu ile iendelee kufanya kazi. Faili ya 1996 bado inafunguka, na gemu inaichora upya picha kwa picha, kutoka kwenye orodha ileile ya nani alisogea wapi.