Maandalizi ya kaya dhidi ya majanga katika Isiolo

Maandalizi ya kaya dhidi ya majanga ni akiba, mipango na makubaliano ambayo familia huyaweka mapema ili ukame, mafuriko, moto au maradhi ya mlipuko yasiikute mikono mitupu. Katika Kaunti ya Isiolo, kaskazini mwa Kenya, kazi hii ina sura mbili. Ukame hujijenga kwa miezi, mafuriko hufika kwa saa chache. Vijitabu vingi vya kimataifa hufundisha mkoba wa siku tatu, wenye maji, chakula, tochi na dawa. Mkoba huo unafaa kwa mafuriko. Mbele ya ukame hausaidii sana, na ukame ndio unaowafilisi watu wa Isiolo.

Kaunti ina eneo la kilomita za mraba zaidi ya 25,000 na ilihesabiwa watu 268,002 katika sensa ya 2019. Wengi ni wafugaji: Waborana, Wasomali, Waturkana na Wasamburu. Wameru wako zaidi mjini na kwenye mashamba ya upande wa kusini. Mvua huja kwa misimu miwili, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, ambayo Waborana huiita ganna na hagaya. Kuanzia mwishoni mwa 2020 misimu mitano ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha. Tarehe 8 Septemba 2021 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza ukame huo kuwa janga la kitaifa, na hadi ulipokwisha mifugo zaidi ya milioni mbili ilikuwa imekufa nchini. Kisha mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 zikaleta mafuriko katika maeneo yale yale.

Ukame

Akiba kuu ya kaya ya mfugaji ni kundi lake, na namna ya kwanza ya kulilinda ni kutoliweka mahali pamoja. Waborana hugawa mifugo: ya maziwa hubaki karibu na nyumba (warra), iliyobaki hupelekwa malisho ya mbali na vijana (fora). Wanyama wengine hukopeshwa kwa jamaa na marafiki chini ya utaratibu wa dabare. Aliyekopeshwa hunywa maziwa, mwenye mali hubaki na haki yake, na ugonjwa au ukame ukipiga upande mmoja haumalizi kila kitu. Aliyepoteza mifugo yote huomba busa gonofa, ambapo watu wa ukoo humchangia wanyama wa kuanzia upya. Ngamia na mbuzi nao huchanganywa na ng'ombe kwa sababu hula majani ya miti na vichaka wakati nyasi zimekwisha.

Malisho yana usimamizi wake. Wazee wa dedha hutenga maeneo ya masika, ya kiangazi na ya akiba ya ukame, na visima vina msimamizi wa zamu, aba herega. Kaya inayoingiza ng'ombe katika malisho ya akiba kabla ya wakati hujiokoa wiki chache tu na kuwamalizia majirani kinga yao. Ndiyo maana maandalizi ya nyumba moja hapa hayawezi kutenganishwa na ya jirani.

Uamuzi mgumu zaidi ni wa kuuza mapema. Mbuzi mnene kabla ya ukame hununua unga mwingi. Baada ya miezi mitatu ya kiangazi kikali mbuzi yule yule amekonda, soko limejaa na bei ya mahindi imepanda. Mamlaka ya Taifa ya Kudhibiti Ukame hutoa taarifa kila mwezi kwa kila kaunti kame, ikieleza bei za mifugo na nafaka, umbali wa maji, hali ya mimea na mzingo wa mikono ya watoto, kisha kuiweka kaunti katika hatua: kawaida, tahadhari, hatari, dharura au kupona. Mwenye busara huuza katika hatua ya tahadhari. Akingoja dharura huuza ngozi. Hata hivyo ni vigumu kumlaumu anayengoja, maana mvua ikinyesha wiki ijayo ataonekana alitupa mali.

Nyama ya waliochinjwa mapema hutengenezwa nyirinyiri: hukatwa vipande vidogo, hukaushwa, hukaangwa na kuhifadhiwa ndani ya mafuta, ikadumu kwa miezi. Penye paa la mabati maji nayo yanavunika. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo paa la mita 30 za mraba hutoa takriban lita 500 kwa mvua ya milimita 20, hata ukiondoa yanayopotea.

Mafuriko

Mto Ewaso Nyiro hupata maji kutoka Mlima Kenya na Nyandarua, ukapita Archer's Post na Merti kuelekea kinamasi cha Lorian. Kwa hiyo mto unaweza kufurika Merti chini ya jua kali. Laga, yaani mkondo mkavu wa mchanga, ni hatari zaidi kwa sababu watu huuzoea kama barabara, na hata wageni hupiga kambi humo. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima. Kwa sentimita 30 gari dogo huanza kuelea.

Hapa mkoba una kazi. Vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa na kadi za kliniki hufungwa katika mfuko usiopenya maji, pamoja na tochi, dawa za anayezitumia kila siku na simu iliyochajiwa. Kwa kunywa tu, watu sita wanahitaji takriban lita 54 kwa siku tatu, yaani mitungi mitatu ya lita 20. Kila mtoto ajue mwinuko wa kukimbilia. Simu za dharura ni 999 na 112, na Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hupokea kwa 1199.

Mbuzi waliokonda kwa ukame hufa kwa wingi mvua ya kwanza ya baridi inapowanyeshea, hivyo kibanda cha kuwakinga kitengenezwe kabla ya mawingu.

Baada ya maji kushuka

Maji ya kunywa huchemshwa au kutiwa klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Mwenye kuhara hupewa lita moja ya maji safi iliyochanganywa na vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, huku akipelekwa kituo cha afya.

Mafuriko huzalisha mbu wanaoeneza homa ya Bonde la Ufa, ambayo virusi vyake vilitambuliwa karibu na Naivasha mwaka 1931 na ambayo iliripotiwa Isiolo kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2021. Dalili kwenye zizi ni mimba nyingi kutoka kwa pamoja na vitoto kufa. Kaya ikiona hivyo haichinji mnyama mgonjwa wala kugusa kijusi kwa mikono mitupu. Maziwa yote huchemshwa, na afisa wa mifugo hupigiwa simu siku hiyo hiyo.