Jina la Ukoo na Nasaba katika Britania

Mtu atafutaye nasaba yake katika Britania huanza kwa jina la ukoo, na aghalabu hapo ndipo anapopotea. Jina hudhaniwa kuwa uzi mmoja uliotoka kwa babu wa kwanza hata kwa mjukuu wa leo. Lakini ukichunguzwa, uzi huo waonekana kuwa ulifungwa kwa kuchelewa, ukakatwa mara nyingi, na mahali pengine ukaunganishwa na uzi wa watu wengine.

Kitabu cha Domesday, kilichoandikwa mwaka 1086 kwa amri ya Mfalme William wa Kwanza, chataja watu wengi kwa jina moja tu, au kwa jina pamoja na lakabu isiyorithiwa. Mabwana wa Kinormani ndio waliotangulia kushika majina ya kurithi, kwa kuwa walikuwa na ardhi ya kurithisha. Watu wa chini wakafuata polepole, kusini kwanza na kaskazini baadaye. Daftari za kodi ya kichwa za miaka ya 1377, 1379 na 1381 ziliandikwa wakati jambo hili lilipokuwa halijatulia bado; mtu aitwaye Smith humo huenda alikuwa mhunzi kweli, na mwanawe huenda akajulikana kwa jina jingine kabisa.

Majina ya kazi yana faida kubwa kwa wanalugha. Kitambaa cha sufu kilipotoka mtandani kilikanyagwa majini hata nyuzi zikashikana, na mwenye kazi hiyo aliitwa Fuller upande wa kusini-mashariki, Tucker kusini-magharibi, na Walker magharibi na kaskazini. Lahaja zenyewe zimekufa kwa sehemu kubwa, lakini majina yamehifadhi mipaka yake. Basi jina la Tucker halimwambii mtafutaji babu yake alikuwa nani; lamwambia tu ni pande zipi aanze kupekua daftari.

Katika Welisi mambo yalikuwa mengine. Msomaji aliyezoea majina ya pwani ya Afrika Mashariki, ambamo neno bin humwunganisha mtu na baba yake na baba wa baba yake, hatayaona kuwa mageni. Wawelisi walisema ap, au ab mbele ya irabu, na mtu aliweza kuhesabu mababu kadhaa ndani ya jina lake mwenyewe. Baada ya sheria ya mwaka 1536 kuiunganisha Welisi na Uingereza na kukifanya Kiingereza kuwa lugha ya mahakama, makarani waliyafupisha majina hayo kwa kalamu: ap Rhys akawa Price, ap Hywel akawa Powell, ab Owen akawa Bowen. Wengine walipewa jina la baba kwa mtindo wa Kiingereza, na ndiyo asili ya akina Jones, yaani wana wa John, waliotapakaa nchi nzima bila ya udugu wowote. Milimani desturi ya zamani iliendelea hata karne ya 19. Kwa hiyo baba na mwana waweza kukutwa katika daftari moja la kanisa wakiwa na majina mbalimbali, wala hapana kosa la karani.

Msiba mkubwa zaidi uliwapata akina MacGregor wa Uskoti. Mwaka 1603, baada ya mapigano ya Glen Fruin, serikali ya Mfalme James wa Sita ililipiga marufuku jina lao, na adhabu ya kulishika ilikuwa kifo. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 1661, ikarudishwa mwaka 1693, na haikufutwa kabisa hata mwaka 1774. Kwa muda huo watu hao walijificha chini ya majina ya Drummond, Grant, Graham na hata Campbell, ukoo uliokuwa miongoni mwa waliowawinda. Rob Roy mwenyewe, aliyekufa mwaka 1734, alitumia jina la Campbell, ambalo ni la ukoo wa mama yake. Mtafutaji afuataye jina peke yake katika daftari za miaka hiyo aweza kumhesabu mwindwa katika nasaba ya mwindaji.

Kinachobaki ni kwenda hatua kwa hatua katika maandishi, kutoka kwa mtoto hata kwa mzazi. Thomas Cromwell aliamuru mwaka 1538 kwamba kila parokia ya Uingereza iandike ubatizo, ndoa na maziko, ingawa daftari nyingi za mwanzo zimepotea. Usajili wa serikali ulianza tarehe 1 Julai 1837 katika Uingereza na Welisi, na mwaka 1855 katika Uskoti. Hati za Uskoti ni bora zaidi, maana hata cheti cha kifo hutaja wazazi wawili wa marehemu, pamoja na jina la mama la kabla ya ndoa. Sensa ya 1841 yataka hadhari: umri wa watu wazima uliteremshwa kwa mafungu ya miaka mitano, hata mtu wa miaka 39 akaandikwa 35. Tahajia nayo haikutulia. Saini sita za Shakespeare zilizosalia hazikuandikwa kwa namna moja.

Elimu ya chembe za urithi imeongeza ushahidi. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Leicester uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa wenye majina ya nadra, kama Attenborough, mara nyingi huelekea babu mmoja, lakini akina Smith hawana udugu kuliko watu waliookotwa ovyo sokoni. Ndiyo maana biashara ya kumwuzia kila mtu nembo ya jina lake haina msingi. Katika Uingereza nembo hupewa mtu na wazao wake, si jina.

Mifupa ya Mfalme Richard wa Tatu ilifukuliwa mjini Leicester mwaka 2012. Ilipolinganishwa na wanaume walio hai ambao nasaba yao ya kiume, iliyoandikwa kwa uangalifu wa kifalme, yafika kwa babu wa babu yake, Edward wa Tatu, haikupatana nao: mahali fulani mtoto alikuwa si wa baba aliyeandikwa. Kilichoitambulisha mifupa hiyo ni urithi uliopita kwa wanawake, kutoka kwa dada yake Anne, binti kwa binti, kwa muda wa zaidi ya miaka 500, katika mstari ambao jina lilibadilika kwa kila ndoa.