Sanduku la Bibi na Pumzi ya Nyumba



Makala haya nayaandika kwa haya kidogo, kwa kuwa yanaanzia kwenye uzembe wangu mwenyewe. Majira ya baridi yaliyopita nililifungua sanduku la marehemu bibi, lile la msaji lenye njumu za shaba, nikiitafuta karatasi ya nasaba ambayo vijana wetu wameiomba kwa muda mrefu. Karatasi niliikuta. Lakini ukingo wake wa chini ulikuwa umetafunwa, na majina manne ya upande wa wanawake, ambayo kwa ninavyojua hayakuandikwa pahala pengine popote, yalikuwa yametoweka. Mhalifu alikuwa bado yumo: mdudu mwembamba asiye na mbawa, mwenye rangi ya fedha, apendaye unyevu na alaye wanga ulio katika karatasi na gundi. Chini ya sanduku niliona pia vitundu vidogo na unga laini wa mti, alama ya dumuzi wa mbao.

Sanduku hili bibi aliingia nalo nyumbani kwa mumewe, mtaa wa Malindi, Unguja, mwaka 1928, na hakuondoka nalo kwenda Maskati hadi 1972. Kwa miaka 44 lilikaa katika mji wenye joto, mvuke wa bahari, mchwa, mende, panya na nondo, wala halikupata doa. Kwangu mimi, katika mji wa baridi usio na mchwa hata mmoja, halikutimiza miaka kumi. Nikajiuliza: wazee wetu walikuwa wakifanya nini ambacho sisi tumekiacha?

Jibu linaanzia kwenye nyumba yenyewe. Nyumba za Mji Mkongwe zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na udongo mwekundu, na dari zake zikabebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, na ndiyo sababu vyumba vya wazee wetu ni virefu lakini vyembamba, aghalabu mita tatu hivi. Mti wa mkoko ni mzito na una tanini nyingi, hivyo mchwa hauvamii kwa urahisi kama avamiavyo mbao laini. Sifa hiyo ilijulikana mbali. Majahazi yalipakia boriti kutoka delta ya Rufiji na visiwa vya Lamu, yakazipeleka Omani na bandari nyingine za Ghuba ambako miti ya kujengea ni adimu. Baadhi yetu, kwa hiyo, tulihama kutoka chini ya boriti za Rufiji, tukaenda kulala chini ya boriti nyingine za Rufiji.

Hata hivyo boriti ina udhaifu wake, nao uko kwenye ncha inayoingia ukutani. Ncha hiyo ikilowa na isikauke, huoza, na mti uliooza ni karamu ya wadudu. Hapo ndipo chokaa ilipofanya kazi yake. Ukuta wa chokaa hunywa unyevu wakati wa masika na kuutoa wakati wa kaskazi. Kwa lugha ya mafundi wetu, ukuta unapumua. Tena chokaa mbichi ni kali, wadudu hawaipendi. Bibi alikuwa akipakisha nyumba chokaa kila mwaka kabla ya Ramadhani. Sisi watoto tulidhani ni pambo la sikukuu. Kumbe kila nyufa iliyozibwa ilikuwa ni nyumba ya kunguni au mende iliyobomolewa.

Mengine yalikuwa kazi ya mikono ya kila siku. Miguu ya kabati la chakula ilisimama ndani ya makopo yenye maji na tone la mafuta ya taa, sisimizi wasipande. Mchele ulianikwa juani na kupepetwa. Majani makavu ya mwarobaini yaliwekwa ndani ya magunia ya nafaka; leo wataalamu wanajua kwamba mti huo, uliotufikia kutoka Bara Hindi, una kemikali iitwayo azadiraktini, inayowaondolea wadudu hamu ya kula na kuvuruga ukuaji wao. Karafuu zilitiwa baina ya nguo. Paka walipewa vichwa vya samaki, na mjusi hakuguswa na mtu, kwani alikuwa mlinzi wa usiku asiyelipwa mshahara.

Na udi na ubani? Wengi wenu mtauliza hilo kwanza. Mapenzi yasitufanye tuseme zaidi ya kweli. Moshi wa chetezo hutia harufu nzuri na huweza kuwasumbua mbu kwa muda, lakini hauui mchwa aliye ndani ya mti. Faida yake kubwa, naamini, ilikuwa ni ile shughuli iliyoutangulia. Kabla ya kufukiza, bibi alikitoa kila kitu sandukuni, akakikung'uta, akakianika kivulini penye upepo, akalifuta sanduku, kisha akalirejesha juu ya vijiwe vinne, mbali na ukuta. “Sanduku lisilale ukutani,” alikuwa akisema, wala hatukumuuliza kwa nini.

Mji nao ulikuwa na vita vyake. Maghala ya karafuu na mbata yalivuta panya, na bandari yetu iliungana kwa meli na bandari zote za Bahari ya Hindi. Tauni ilipoingia Bombay mwaka 1896, hofu ilisambaa pwani yote. Alexandre Yersin alikuwa amekwisha kukitambua kijidudu cha maradhi hayo huko Hong Kong mwaka 1894, na mwaka 1898 Paul-Louis Simond akaonyesha kwamba kiroboto ndiye anayekibeba kutoka kwa panya hadi kwa mtu. Tangu hapo panya hakuwa mwizi wa chakula tu. Katika miaka hiyo hiyo ya 1890 utawala uliwaleta Unguja kunguru wa Kihindi ili wale taka za mji. Kunguru wakala taka, kisha wakala vifaranga na mayai ya ndege wa kisiwani, na mpaka leo wao wenyewe ndio balaa linalotafutiwa dawa. Baadaye ikaja DDT, ambayo Paul Müller aligundua uwezo wake wa kuua wadudu mwaka 1939. Ilipunguza mbu kwa kiasi kikubwa, lakini kunguni na mbu wengine walijenga usugu, na madhara yake kwa viumbe wengine yakajulikana.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilitaifishwa, wenyewe wakatawanyika, na desturi ya chokaa ya kila mwaka ikakatika. Pahala pa chokaa pakaingia saruji. Saruji ni ngumu na huonekana imara, lakini ikipakwa juu ya matumbawe huufungia unyevu ndani. Nilipoitembelea nyumba ya Malindi mwaka 2011, kuta zilikuwa zimepigwa saruji vizuri mno, na ncha za boriti zilimomonyoka kwa kidole kama biskuti iliyochovywa chaini. Juu yake mchwa walikuwa wamejenga njia zao za udongo. Wapitao walisema, “Mchwa wameiua nyumba.” Mimi naona mchwa walifika mwisho, aliyetangulia ni maji.

Sasa nirudi kwangu. Naishi Southsea, Portsmouth, mji wa pwani ya kusini ya Uingereza, ambako Wazanzibari si wageni; Sultani wa mwisho, Jamshid bin Abdullah, aliishi humu kwa miongo mingi kabla ya kuhamia Omani mwaka 2020. Nyumba yangu ni ya zama za Malkia Victoria, ya matofali, yenye sakafu ya mbao iliyoinuliwa juu ya ardhi. Chini ya kuta zake wajenzi waliweka matofali yenye matundu ili upepo upite chini ya mbao. Baridi ilipozidi, mimi niliyaziba matundu hayo kwa mkono wangu, kisha nikalisukuma sanduku hadi likagusa ukuta wa nje. Nilifanya kwa matofali yale yale waliyoyafanya wengine kwa saruji: niliizuia nyumba isipumue.

Wala tusidhani Uingereza imesalimika kwa sababu ya baridi yake tu. Mwaka 1994 mchwa waligunduliwa katika nyumba moja huko Saunton, pwani ya Devon, na ilichukua hadi 2021 kutangazwa kwamba wametokomezwa.

Kwa walio na masanduku kama langu, haya ndiyo niliyoyafanya. Matundu nimeyazibua. Sanduku nimeliinua juu ya vijiwe vinne na kuliweka kwenye ukuta wa ndani. Karatasi na nguo nimezifunga ndani ya mifuko ya plastiki na kuzigandisha kwa nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kama wafanyavyo watunzaji wa makumbusho, kisha nikaziacha zirudi kwenye joto la chumba kabla ya kuifungua mifuko. Karafuu nimezirejesha, ingawa najua hazitoshi peke yake. Naftalini sitii, na nakusihini nanyi msitie: upungufu wa kimeng'enya cha G6PD umeenea Omani na pwani ya Afrika Mashariki, na mtoto mchanga aliye nao akivishwa nguo zilizowekwa naftalini anaweza kuvunjikiwa na chembe za damu.

Kuhusu majina manne, nilimpigia simu shangazi, Maskati. Alinyamaza kitambo, akaniambia: “Wawili nawajua, mwanangu. Hao wengine alikuwa akiwataja bibi yako tu, siku ya kuanika sanduku.” Hayo mawili nimeyaandika. Mwenye kuyajua mawili yaliyobaki, au mwenye mzee wa kumuuliza, namwomba aulize wiki hii, asingoje Idi.