Visima vya Ukunda na Mchanga wa Maumba

Atakaye kuijua tarehe ya Ukunda hana budi kuanza na visima, kwani mji huu, ulioketi juu ya jabali la matumbawe baina ya milima ya Shimba na bahari ya Diani, haukujaaliwa mto wa kuutosheleza, ila Mwachema, nao ufikapo pwani penye msikiti wa kale wa Kongo huwa umekwisha kuchanganyika na maji ya chumvi. Wenyeji wa dahari zilizopita wakalitoboa jabali kwa mikono hata wakayafikia maji matamu, ambayo kwa wepesi wake huelea juu ya yale ya chumvi huko chini ya ardhi, na kila achotaye kwa pupa huyavuta ya chumvi yakapanda. Walakini utamu si usafi: matumbawe yana nyufa nyingi, maji ya mvua hupenya upesi, na pamoja nayo hupenya uchafu wa vyoo pasipo kuchujwa vya kutosha.

Mnamo mwaka 1983, ndani ya ule muongo wa maji uliotangazwa na Umoja wa Mataifa, kulianza huku kusini mwa Mombasa majaribio ya pampu za mkono chini ya UNDP na Benki ya Dunia, na shirika la KWAHO likapewa kazi ya kuwakusanya wanakijiji, hasa wanawake, ili visima viwe mikononi mwao. Hapa Kwale ndipo pampu ya Afridev, itumikayo leo katika nchi nyingi za Afrika, ilipojaribiwa na kurekebishwa. Mabomba ya chuma yalikuwa yakiliwa na kutu, yakabadilishwa kwa ya plastiki. Na ufundi wake ukarahisishwa hata mama wa kijijini aweze kuifungua pampu kwa spana moja. Kwa rai yangu, hilo la spana lilikuwa na faida kubwa kuliko hotuba zote za muongo ule.

Chuma hicho hicho kilichowasumbua mafundi wa Kwale kilikuwa kimekwisha kumshughulisha mwanakemia wa Cambridge, H. J. H. Fenton, ambaye mwaka 1894 alieleza jinsi chumvi ya chuma, ikichanganywa na peroksidi ya haidrojeni, inavyoiunguza asidi ya tartariki kwa nguvu ya ajabu. Miaka 40 baadaye, 1934, Haber na Weiss wakadai kwamba mtendaji aliyefichika ni radikali ya haidroksili: atomu moja ya oksijeni na moja ya haidrojeni, pamoja na elektroni moja isiyo na mwenziwe, ambayo haistarehe mpaka imnyang'anye jirani ya kwake. Nguvu yake ya kuoksidisha yapita ya klorini na ya ozoni, lakini umri wake ndani ya maji ni mfupi kuliko sehemu ya milioni ya sekunde. Angani nako huzaliwa kwa mwanga wa jua, ozoni na mvuke wa maji, ikaondoa methani na kaboni monoksidi, jambo lililobainishwa na Hiram Levy mwaka 1971. Na kwa kuwa jua na unyevu viko tele katika ukanda wa tropiki, hewa iliyo juu ya Ukunda ni katika zile zenye wingi wake.

Mwanga huo huo waweza kutumikishwa. Mapema katika miaka ya 1980, Aftim Acra wa Beirut alionyesha kwamba maji yaliyotiwa katika chupa angavu na kuanikwa juani hufa vijidudu vyake, kwa mionzi ya urujuanimno, kwa joto, na kwa radikali zizalikazo humo humo. Mwaka 1996 Ronan Conroy na wenzake walitangaza matokeo ya jaribio lao kwa watoto wa Kimaasai wa Kajiado, ambapo kuhara kulipungua. Na KWAHO, waliowahi kukesha na pampu za Kwale, wakaipeleka desturi ya chupa katika vibanda vya Kibera. Mbingu ikiwa safi, muda wa saa 6 watosha. Ikitanda mawingu, siku mbili.

Kuna jambo jingine linistaajabishalo. Mwaka 1972 Fujishima na Honda wa Japani waligundua kwamba titani dioksidi, ikipigwa na urujuanimno ndani ya maji, huyapasua maji. Baadaye ikabainika kwamba juu ya uso wake huzaliwa radikali za haidroksili zinazounguza uchafu. Rutile ni titani dioksidi ya asili, nayo ilikuwamo katika matuta ya mchanga wa Maumba na Nguluku, bara ya Msambweni. Kampuni ya Base ya Australia iliisafirisha kwa malori hadi Likoni, shehena ya kwanza ikaondoka Februari 2014, na uchimbaji ukakoma Desemba 2024. Madini hayo aghalabu huishia katika rangi ya kupaka kuta. Sisemi kwamba mchanga ghafi ungemwagwa kisimani ukatakasa, kwani punje zake ni kubwa, na aina iitwayo anatase ndiyo ipendelewayo kwa kazi hiyo.

Isitoshe, matumbawe yenyewe huizuia kazi ya radikali. Maji yaliyopita katika chokaa hubeba bikaboneti nyingi, na bikaboneti huzinasa radikali kabla hazijaufikia uchafu. Kwa hiyo mtambo wa kuzalisha radikali kwa ozoni na peroksidi, ufaao kwa maji yenye bikaboneti chache, utalazimika kutumia nguvu zaidi Diani. Tena radikali haibaki kulinda kitu. Maji ya visima vya Tiwi, yanywewayo Ukunda, huhitaji klorini, ambayo ni dhaifu kuliko radikali lakini hudumu bombani, mferejini, na hata ndani ya mtungi ulio juu ya mkokoteni wa muuza maji, akipita nyumba kwa nyumba.