Nondo wanaovimbisha mimea, na namna ya kuwatambua

Shina la mmea linapotuna mfano wa goti lililovimba, wengi hudhani ni ugonjwa. Aghalabu ni nyumba. Mdudu mchanga ameingia ndani, na mmea, kwa kuchokozwa naye, umejenga mahali hapo chumba chenye kuta nene, ambamo mpangaji huyo hupata chakula na kinga dhidi ya ukame.

Wajenzi wa nyumba hizo ni wengi: utitiri, vidukari, nyigu, fukusi, na hasa vijinzi vya familia ya Cecidomyiidae, ambavyo spishi zake zilizokwisha kuelezwa zinapita 6,000. Nondo, jamaa za vipepeo wanaoruka zaidi usiku, ni wachache katika kundi hili. Kwa sababu hiyo husahaulika, na uvimbe walioufanya huhesabiwa kuwa kazi ya nzi.

Njia ya kuamua ni kuupasua uvimbe kwa wembe na kumtazama aliyemo kwa kioo cha kukuzia. Kiwavi wa nondo ana kichwa kigumu, jozi tatu za miguu kifuani, na vijiguu laini tumboni. Buu la nzi halina miguu wala kichwa kinachoonekana. Mtoto wa fukusi ana kichwa kigumu lakini hana miguu, na hapa ndipo wengi hukosea. Dalili nyingine ni kinyesi: chumba cha kiwavi huwa na chembechembe kavu, wakati chumba cha mtoto wa nyigu huwa safi.

Nondo pia ana tatizo ambalo nyigu hana: akishakomaa hana meno ya kutoboa ukuta. Basi kiwavi hutayarisha mlango mapema, akiacha utando mwembamba au kizibo ambacho nondo atakisukuma siku ya kutoka. Mara nyingi ganda tupu la pupa hubaki limechomoza kwenye tundu, na ganda hilo ni ushahidi mzuri kuliko umbo la uvimbe wenyewe.

Si kwamba umbo halina maana. Huko Amerika Kaskazini, mmea wa Solidago hubeba uvimbe wa aina tatu katika shina. Ule wa mviringo kama mpira ni wa nzi Eurosta solidaginis. Ule uliochongoka pande zote mbili ni wa nondo Gnorimoschema gallaesolidaginis, ambaye hutoka kabla ya majira ya baridi. Wa tatu, mwembamba zaidi, ni wa nondo Epiblema scudderiana, ambaye kiwavi wake hulala humo baridi yote.

Nondo hao wawili, ijapokuwa wanakaa mmea mmoja, si ndugu wa karibu. Wa kwanza ni wa familia ya Gelechiidae, wa pili ni wa Tortricidae. Kwa hiyo uainishaji haufuati uvimbe. Unafuata mishipa ya mabawa, viungo vya uzazi vinavyochunguzwa kwa hadubini, na katika miaka ya karibuni vinasaba. Ipo familia moja, Cecidosidae, inayojulikana sana kwa tabia hii. Makazi yake ni Amerika Kusini, kusini mwa Afrika na New Zealand.

Tahadhari moja: anayetoka katika uvimbe si lazima awe aliyeujenga. Vinyigu vya vimelea huingia, humla kiwavi, kisha hutoka kana kwamba ndio wenye nyumba. Kwa ajili hiyo ni heri kuweka sampuli kadhaa katika chupa zilizofunikwa kwa kitambaa chepesi na kusubiri.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, jambo hili si la makumbusho tu. Gugu karoti, Parthenium hysterophorus, ambalo huwasha ngozi, huleta pumu na kuharibu ladha ya maziwa ya ng'ombe walioula, limekwisha kuenea Kenya, Uganda, Ethiopia na kaskazini mwa Tanzania. Mwaka 1982 Australia ilimleta kutoka Mexico nondo Epiblema strenuana, mwenye rangi ya kijivu na hudhurungi, ili alidhoofishe. Kiwavi wake huingia katika shina, na gugu lililovamiwa likiwa changa hudumaa na kutoa maua machache. Mwaka 1995 ikaongeza fukusi Conotrachelus albocinereus, naye ni mvimbishaji wa shina hilohilo. Hapo tofauti ya miguu ikawa na kazi: nondo hugeuka pupa ndani ya uvimbe, fukusi hushuka udongoni.

India nayo ilimwagiza nondo huyo, lakini ilimwangamiza kabla ya kumwachia, baada ya majaribio kuonyesha kwamba anaweza kukamilisha maisha yake juu ya Guizotia abyssinica, zao la mbegu za mafuta. Asili ya zao hilo ni Ethiopia, ambako ni kitoweo na biashara ya wakulima wengi. Nondo anayeponya shamba moja angeweza kuharibu la pili.

Mtu akikuta uvimbe katika shina la gugu karoti, avae glavu, akate kipande chote, aandike tarehe na mahali, na kukipeleka kwa wataalamu wa afya ya mimea: TPHPA kwa Tanzania, KEPHIS kwa Kenya.