Mtoto anapogoma kwenda chooni: fimbo haisaidii

MTOTO wa miaka mitatu anaweza kuwataja kwa majina watu wote wa nyumbani, akaimba na kumfuata bibi yake hadi sokoni, lakini akielekezwa chooni huangua kilio. Dakika chache baadaye hukutwa amesimama nyuma ya mlango, kimya, akijisaidia ndani ya nguo.

Hali hiyo inafahamika katika familia nyingi za mijini, na katika kata za Mtawanya, Shangani au Chikongola mkoani Mtwara si jambo geni. Mara nyingi huishia kwenye fimbo. Ni bahati mbaya, kwani mtoto wa namna hiyo aghalabu si mkaidi: anaogopa, au anaumia.

Wataalamu wa afya ya watoto wanaeleza kuwa watoto wengi huwa tayari kufundishwa kati ya umri wa miezi 18 na miaka mitatu. Dalili zake ni kukaa mkavu kwa muda wa saa mbili hivi, kuelewa agizo fupi, kuweza kuivua suruali yake na kuonesha kwamba nguo iliyolowa inamkera. Wasichana huwatangulia wavulana kidogo. Kujizuia usiku huja baadaye kuliko mchana, na kukojoa kitandani hakuhesabiwi kuwa ugonjwa kabla mtoto hajatimiza miaka mitano.

Maelezo hayo huwashangaza bibi wengi wa pwani, ambao wanakumbuka watoto wao wakiacha winda kabla hata ya kutembea vizuri. Kumbukumbu hiyo si porojo. Mwaka 1977 jarida la madaktari wa watoto la Marekani, Pediatrics, lilichapisha utafiti wa Marten na Rachel deVries kuhusu Wadigo, kabila la pwani lililoko Kenya na Tanzania. Watafiti hao walieleza kuwa mama wa Kidigo huanza kumfundisha mtoto katika wiki za kwanza za maisha, na kwamba mtoto hukaa mkavu mchana na usiku akiwa na miezi mitano au sita.

Njia yenyewe ni ya upole. Mama huketi chini nje ya nyumba, akanyoosha miguu na kumweka mtoto katikati akiwa amempa mgongo, kisha hutoa mlio wa "shuu". Mtoto akikojoa hunyonyeshwa au hukumbatiwa. Baada ya muda mlio peke yake hutosha. Kwa haja kubwa, mama hukunja magoti na mtoto huketi juu ya nyayo zake wakitazamana. Hakuna adhabu katika mafunzo hayo.

Kinyume chake, daktari T. Berry Brazelton wa Marekani alichapisha mwaka 1962 kumbukumbu za watoto 1,170 aliowahudumia, akiwashauri wazazi kusubiri dalili za utayari. Watoto hao walianza kufundishwa wakiwa na umri wa takriban miezi 18, na kwa wastani waliweza kujizuia mchana wakiwa na miezi 28 na nusu.

Je, nani yuko sahihi? Pengine wote wawili, kwa kuwa mazingira yao hayafanani. Mama aliyeelezwa katika utafiti wa 1977 alikuwa na mtoto mwilini karibu kutwa nzima na alizijua ishara zake. Mama wa mjini huondoka alfajiri kwenda ofisini au sokoni, mtoto akabaki na dada wa kazi, tena ndani ya nepi ya kutupa ambayo hufyonza mkojo kiasi kwamba mtoto hahisi kulowa. Mazingira ya zamani yametoweka, lakini matarajio yamebaki. Ndipo mkwe huonekana mzembe na mtoto huonekana mtundu. Samaki mkunje angali mbichi, husema wakubwa. Lakini katika utafiti ule aliyekunja alikuwa hapo siku nzima.

Miongoni mwa sababu kubwa za mtoto kugoma ni choo kigumu. Mtoto akiumia mara moja, safari inayofuata hujizuia. Kinyesi kinachobaki tumboni hukauka na kuwa kikubwa zaidi, na kikitoka huumiza zaidi, hivyo hofu huongezeka. Baadaye kinyesi cha majimaji huweza kupenya pembeni ya kile kigumu na kuchafua nguo bila mtoto mwenyewe kujua. Mzazi hudhani anaharisha na kumpa dawa ya kuzuia kuhara, jambo linalozidisha tatizo. Kwa mtoto kama huyo, mafunzo hayana budi kusimama kwanza mpaka choo kilainike. Maji ya kutosha, papai, machungwa, maembe na mboga za majani husaidia. Maziwa mengi mno kwa siku huweza kudhuru. Choo kisipolainika, ni vyema kumwona daktari.

Sababu nyingine ni choo chenyewe. Tundu la choo cha shimo ambalo mtu mzima halitilii maanani ni pana na lenye giza mbele ya mtoto wa miaka miwili, na hofu yake ya kutumbukia ina msingi. Poti ya plastiki huimaliza hofu hiyo: mtoto huketi karibu na watu, miguu ikigusa chini, na goti likiwa juu kidogo ya nyonga, mkao unaorahisisha haja kubwa. Muda mzuri ni baada ya chakula, utumbo unapoamka. Dakika tano zinatosha. Akikataa, aachwe. Akigoma kwa siku kadhaa, mafunzo yaahirishwe kwa wiki chache bila maneno.

Wakati nao una nafasi yake. Mvua za Mtwara hunyesha kwa msimu mmoja, tangu mwishoni mwa mwaka hadi Aprili, na nguo hazikauki. Kuanza baada ya mvua ni nafuu kwa anayefua. Si busara kuanza pia mtoto mwingine anapozaliwa au familia inapohama.

Kilichomo ndani ya poti kimwagwe chooni. Wapo wanaoamini kwamba kinyesi cha mtoto hakina madhara, ilhali hubeba vimelea vya kuhara, kipindupindu na minyoo kama cha mtu mzima. Kampeni ya serikali ya Nyumba ni Choo, iliyoanza mwaka 2017, ilihimiza kila kaya kuwa na choo bora. Choo hicho hakiikingi kaya ikiwa kinyesi cha mtoto kinatupwa uani. Mikono ioshwe kwa sabuni, ya mtoto na ya mlezi.

Kuhusu adhabu, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumwadabisha mtoto ambaye kwa udogo wake hawezi kuelewa lengo la adhabu hiyo. Mtoto wa miaka miwili aliyelowesha nguo yumo humo. Kumvika jina la kikojozi mbele ya wenzake nako humfanya ajifiche zaidi.

Mtoto apelekwe hospitali akilia anapokojoa, akiwa na damu kwenye kinyesi, akianza tena kulowa baada ya kukaa mkavu kwa miezi sita, au akiwa na kiu kubwa huku akikojoa mara kwa mara, kwani hiyo huweza kuwa dalili ya kisukari. Mkojo wenye damu kwa mtoto anayecheza katika madimbwi na mito ya ukanda wa kusini huweza kuwa kichocho, ugonjwa unaotibika kwa vidonge.